Haijui Kama Inatembea

Tredimili ilifika Giakanja juu ya pikapu ya jirani, Jumamosi moja ya mvua mwezi wa Aprili, imefunikwa blanketi mbili na kufungwa kamba ya katani. Watoto walitusindikiza kutoka steji hadi nyumbani kana kwamba tumeleta bibi harusi. Mzee mmoja aliyekuwa akikata napier kando ya barabara aliuliza kama hiyo ni mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mama akamwambia hapana, ni ya kutembea. Mzee akaangalia barabara, akaangalia kilima kilicho mbele yetu, kisha akaiangalia tena ile mashine.

"Kutembea kwenda wapi?" akauliza.

Hatukuwa na jibu la haraka. Huku kwetu upande wa Tetu, kutembea si mazoezi. Ni namna ya kufika. Unateremka mtoni, unapanda na debe la maji, unapeleka maziwa, unaenda kanisani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Catherine Ndereba, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47 na kuvunja rekodi ya dunia, ni mtoto wa Nyeri. Hakuna aliyemlipisha kiingilio ili apande vilima vyetu.

Lakini Baba alikuwa ameacha kutoka nje.

Kiharusi kilimpata Agosti iliyotangulia, asubuhi, akiwa anakunywa chai. Kikombe kilianguka kwanza, halafu yeye. Upande wa kushoto ulilala wote: mkono, mguu, hata pembe ya mdomo. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, fizio alimwambia dawa yake kubwa sasa ni kutembea, kidogo kidogo, kila siku. Akajaribu. Siku ya kwanza alifika hadi kwenye duka la kona, na njiani alisalimiwa na watu kumi na nne. Alituhesabia. Kila mmoja alisimama, akamshika mkono ule mzuri, akasema pole sana Mzee, pole sana. Watu wa bodaboda walipunguza mwendo kumtazama. Mama mmoja wa kanisani alilia.

Baba alirudi, akaketi, akamwambia Mama, "Mimi si maonyesho ya Kabiru-ini watu waje kuniangalia." Hakutoka tena mpaka Krismasi ikapita.

Shangazi yangu anaishi Lowell, Massachusetts, na huko anatunza wazee. Aliposikia hayo, alisema ana tredimili chumba cha chini ambayo yeye huanikia nguo. Ikaingia kwenye kontena pamoja na masufuria, viatu na godoro, ikapita Mombasa, ikapita Nairobi, ikatufikia.

Sasa niwaambie kuhusu mimi. Mimi ni fundi. Nilisomea elektroniki miaka miwili, na nina meza yangu ya kutengeneza simu na runinga pale Nyeri mjini. Kwetu mimi ndiye mtu wa kuitwa kitu kikizima. Kwa hivyo siku ile nyumba ilikuwa imejaa watu, na wote walikuwa wakiniangalia mimi. Plagi ya mashine ilikuwa ya Marekani, ile ya miguu bapa. Nikatoa adapta kwenye begi, nikaichomeka, nikaingiza kwenye soketi ya ukutani. Baba alikuwa tayari amesimama juu, miguu pembeni mwa mkanda, mikono kwenye vishikio, amevaa sweta yake ya kijani na viatu vya kwenda mjini.

Nikabonyeza swichi.

Skrini iliwaka namba nyekundu kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Halafu, pah! Harufu ikatoka chini ya kifuniko, ile harufu ambayo fundi yeyote anaijua hata usingizini, na nyumba yote ikazima. Baba aliyumba. Mama alimdaka.

Kukawa kimya. Baba akaangalia mashine, akasema, "Basi. Hata hii imepata kiharusi."

Watu walicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Mimi nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni: "Stima imeruka." Kila mtu akakubali. Huku stima ikilaumiwa hakuna anayebisha.

Haikuwa stima. Nilijua kabla harufu haijaisha. Adapta inabadilisha umbo la miguu ya plagi tu. Haibadilishi volti hata moja. Karibu na swichi, kwenye kibandiko kidogo cha fedha, ilikuwa imeandikwa volti 120. Soketi zetu ni 240. Kitu ambacho mwanafunzi hufundishwa muhula wa kwanza, mimi nilikiruka kwa sababu watu walikuwa wakiniangalia.

Kwa wiki tatu tredimili ilikaa pale sebuleni na blanketi juu. Mama alianza kukunjia nguo hapo. Shangazi alipiga simu kuuliza Mzee anaendeleaje na mazoezi, nami nikasema vizuri. Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, si mnajua.

Usiku, mjini, nilikuwa nikisoma kwenye simu kuhusu mashine hizo. Niligundua kwamba ya kwanza kuitwa jina hilo haikuwa ya afya bali ya adhabu. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye ngazi ambalo wafungwa walilipanda kwa saa nyingi bila kufika juu. Mengine yalisaga nafaka. Mengine hayakusaga chochote. Oscar Wilde, mwandishi, alipofungwa mwaka 1895 alilipanda pale Pentonville. Baadaye, mwaka 1963, daktari Robert Bruce wa Seattle alichapisha kipimo cha moyo kinachomtembeza mgonjwa juu ya mkanda wa mota, huku kasi na mwinuko vikiongezwa kila dakika tatu. Na mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini, mhandisi mwingine, William Staub, alisoma kitabu cha Kenneth Cooper kuhusu kukimbia kwa ajili ya moyo, akatengeneza mashine ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiweka nyumbani. Gereza, hospitali, sebule. Nikafikiri kwamba kwa Baba zote tatu zimekuwa chumba kimoja.

Jumapili iliyofuata nilikuja na bisibisi zangu.

Nilianza na kapasita, kwa sababu kapasita hazisahau. Hata ukichomoa plagi zinaweza kubaki na stima ya kukurusha ukutani. Niliunganisha balbu ya wati 60 kwenye miguu ya kila moja ili iinywe iliyobaki. Balbu haikuwaka. Nikapima na mita: sifuri. Baba alikuwa amevuta kiti karibu, fimbo katikati ya magoti, ananitazama. Kwa miaka ishirini na mitatu alishughulikia mashine ya kumenya kahawa kiwandani. Mikanda, puli na mota anavijua kwa masikio. Bodi hizi za kijani ndizo hakuwahi kuzipenda.

"Nieleze," akasema. "Usinifiche kwa maneno ya shule."

Nikamweleza, na nikimweleza ndipo nilipoielewa vizuri mwenyewe.

Ukibonyeza swichi ya chini, mota haipati chochote. Stima inaingia kupitia fyuzi, inapita karibu na varista, kidude cha duara kama peremende ambacho kazi yake ni kujitoa mhanga volti zikizidi, halafu inagawanyika njia mbili. Njia ndogo inapita kwenye transfoma ndogo, inashushwa hadi volti chache, inanyooshwa, na kupanda kwa nyaya nyembamba ndani ya nguzo hadi kwenye skrini. Ndiyo maana skrini huwaka kwanza. Kompyuta ndogo iliyo mle inaamka, inawasha taa zake zote kujikagua, halafu inangoja.

Njia kubwa inapita kwenye dayodi nne. Stima ya ukutani inakwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde huku kwetu, mara 60 kwao. Dayodi zinaigeuza iende upande mmoja tu, na hiyo ndiyo inajaza kapasita mbili nene kama tochi. Volti 120 zikishanyooshwa hivyo zinafika kilele cha kama 170. Kapasita zimeandikwa 200, kwa hivyo zinahema vizuri. Sisi tuliziletea 240, ambazo kilele chake kinakaribia 340.

"Mara mbili," Baba akasema.

"Mara mbili."

"Na mota?"

Hapo ndipo penye bahati yetu. Kati ya kapasita na mota kuna rilei, mlango mdogo wa chuma unaofungwa kwa sumaku. Rilei haifungi njia mpaka mambo mawili yatimie. La kwanza ni ufunguo wa usalama, kipande cha plastiki chekundu chenye sumaku ndani. Kinakaa kwenye skrini, na kamba yake inabanwa kwenye nguo ya anayetembea. Ukianguka, kamba inakivuta, kila kitu kinasimama. La pili ni mtu kubonyeza kitufe cha kuanza. Siku ile ufunguo ulikuwa bado kwenye bahasha. Mashine ilikuwa haijatuamini bado. Kwa hivyo moto uliishia mlangoni: fyuzi nyeusi, varista imepasuka katikati, dayodi mbili zinapitisha pande zote, kapasita moja imevimba kichwani. Transfoma ndogo ilikuwa nzima kwa sababu fyuzi ilikufa upesi. Mota haikuguswa.

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Stima ikiruka, inaruka kwa kitu kimoja tu?"

Nikajua tumefika.

"Siku ile friji haikuungua," akaendelea. "Redio haikuungua. Hata balbu. Mbona ilichagua hii peke yake?"

Nikamwambia. Adapta, kibandiko, watu waliokuwa wakiniangalia. Nilisema haraka kama mtu anayetoa mwiba. Mama aliacha kukunja nguo.

Baba alizungusha fimbo yake sakafuni. "Mimi pia nilikuwa na uongo wangu," akasema. "Zile dawa za presha niliziacha tangu mwezi wa tano. Daktari akiniuliza namwambia nakunywa. Sikuwa naumwa mahali popote. Nikasema mwili wangu ni wa kubeba magunia, hiyo namba ni yao." Akagusa kapasita iliyovimba kwa kidole cha mkono mzuri. "Siku ya chai, hospitalini walisema ni mia moja na tisini na kitu."

Hakuna aliyesema neno. Nje ng'ombe alilia, Mama akainuka kwenda kumwangalia, na nadhani alifurahi kupata sababu ya kutoka.

Alhamisi nilipanda matatu kwenda Nairobi, nikashuka Luthuli, ile barabara ambayo fundi wa Kenya hawezi kupita bila kutoa pesa mfukoni. Dayodi, varista, fyuzi na kapasita havikuniumiza. Kilichoniuma ni transfoma ya kushusha 240 hadi 120. Ile ndogo ya kuchaji redio haiwezi. Mashine ya ampea 15 kwa volti 120 inaweza kuvuta wati 1800, na mtu mzima akisimama kwenye mkanda unaoanza mwendo, mota inavuta kwa pupa. Nikachukua ya wati 3000, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa hezi 50, nzito karibu kama debe la mahindi. Ilikula akiba yangu ya miezi miwili. Kondakta alitaka kuilipisha kiti chake.

Tofauti ya hezi haikunisumbua sana. Stima ikishanyooshwa kuwa ya upande mmoja, mota ya mkanda haijui tena ilitoka ukuta wa nchi gani.

Jumamosi nikachomelea vipuri, nikaunganisha balbu kwa mfululizo kwenye njia ya stima kama tunavyofanya na runinga: kama bado kuna mahali pameshikana, balbu itawaka sana na bodi itapona. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia. Kapasita zilikuwa zimeshiba. Skrini ikapanda nyekundu, namba zote nane-nane-nane, halafu sifuri. Nikatoa balbu, nikaweka ufunguo, nikabonyeza kitufe. Tatu. Mbili. Moja.

Tak.

Hiyo ilikuwa rilei. Mkanda ukaanza kutambaa, polepole, bila mtu juu yake. Mama akapiga makofi. Sekunde tano, sita. Halafu ukasimama, na skrini ikaandika herufi ambazo hazikuwa habari njema.

Nikajaribu tena. Tak, mkanda ukaenda, ukasimama. Mara ya tatu nilikuwa nimeanza kutokwa na jasho. Nikapima volti za mota: zilikuwepo, tena zilikuwa zinapanda mpaka dakika ya mwisho. Niliinamia bodi nikitafuta kosa langu.

"Iwashe tena," Baba akasema. Akafumba macho akasikiliza. Ilipokufa akafumbua. "Mota ni nzuri. Mkanda ni mzuri. Haijui kama inatembea."

"Vipi?"

"Inasukuma, halafu inasukuma zaidi, halafu inaogopa. Ni kama mtu ambaye haoni miguu yake. Nani huiambia kwamba inatembea?"

Sensa. Kwenye puli ya mbele kuna sumaku ndogo, na kando yake kijiti chenye swichi nyembamba ndani ya kioo. Kila puli ikizunguka, sumaku inapita, swichi inafunga na kufungua, na bodi inahesabu. Kwa hesabu hiyo inajua kasi. Yenyewe haipunguzi volti kama mtu anavyopunguza maji kwa bomba. Inawasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na muda wa kuwaka ukiwa mrefu mota inakwenda kasi. Mguu ukikanyaga kwa nguvu na puli ikapungua, bodi inaongeza. Isipopata hesabu yoyote, inaongeza bila kujua, kisha inafanya jambo la busara: inazima.

Katika safari ya kutoka Lowell kile kijiti kilikuwa kimepinda na kukaa mbali na sumaku, upana wa kidole hivi. Nikakirudisha kwa mkono. Kazi ya sekunde mbili.

Mkanda ukaenda dakika moja. Mbili. Tano. Mama alileta chai, tukanywa tukiuangalia ukienda bila mtu, kama watu wanaotazama mpira.

"Mguu wangu ni hivyo hivyo," Baba akasema baadaye. "Watu wanafikiri hauna nguvu. Nguvu zipo. Lakini nikiukanyaga siusikii ukifika chini. Lazima niuangalie ndio nijue." Alikuwa ameishi na hilo miezi tisa na hakuwahi kutuambia. Barabarani, akitembea kichwa chini, sote tulidhani ni aibu.

Nilimpigia shangazi simu nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena ili amalizie kucheka. Fizio naye alitoa masharti: kasi ya chini kabisa, mtu wa kusimama karibu, mikono kwenye vishikio, ufunguo kwenye nguo kila mara, dakika tatu kwa kuanzia, na dawa za presha zisikose hata siku moja. Mama alichukua daftari la maziwa, akaanza kuandika upande mmoja lita na upande mwingine dakika.

Kasi ya chini ni nusu maili kwa saa. Mashine haijui kilomita. Dakika tatu kwa kasi hiyo ni mita arobaini hivi, kutoka mlango wetu hadi kwenye choo cha nje. Siku ya kwanza Baba alizimaliza, akashuka ametoka jasho, akaniuliza, "Nimefika wapi?" Nikamwambia chooni. Akasema kesho atafika kwenye zizi. Mwezi wa Julai, kwenye ile baridi yetu ya ukungu mpaka saa sita, alikuwa amefika, kwa hesabu zake, hadi Nyeri mjini na alikuwa anarudi. Aliweka kioo cha Mama mbele ya mkanda, chini, ili aone miguu bila kuinamisha kichwa. Hakuna aliyemfundisha.

Mwisho wa Agosti nilikuja nyumbani Jumamosi asubuhi. Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri. Tredimili ilikuwa imenyamaza, transfoma ya baridi, kioo mahali pake. Mama alikuwa amesimama getini, mikono ndani ya leso, anaangalia barabara.

"Alingoja mpaka saa tatu," akasema. "Haikurudi. Akaniambia hawezi kukosa siku."

Nilimwona kwenye kona, karibu na duka. Alikuwa anakuja upande wetu, fimbo mkono wa kulia, kichwa chini akiangalia viatu vyake vya kwenda mjini. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akamsalimia, naye akajibu bila kuinua macho na bila kusimama. Mtu mwingine alitaka kumshika mkono. Baba alimpungia fimbo kidogo, kama mtu aliye kazini.

Alipofika karibu niliona kamba nyekundu. Ilikuwa imebanwa kwenye sweta yake ya kijani, chini kidogo ya kola, na ule ufunguo wa plastiki ulikuwa unaning'inia kifuani, ukigonga kifungo kila akikanyaga mguu wa kushoto. Sijui kama alijua. Nilifungua mdomo nimwambie, halafu nikamfungulia geti.